HEWA YA SUMU NA KIFUA CHA MWANAUSHIRIKA

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Buseresere



Mmezoea kuniona nikija na kalamu nyekundu, nikiuliza stakabadhi iliyokosekana na gunia lililopungua. Leo sikuja kwa ajili ya stakabadhi, ingawa zile zilizobaki sijazisahau. Ndugu Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya usalama wa maghala kabla ya msimu wa ununuzi, nami nimeona heri nishike jambo moja nilifikishe mwisho kuliko kugusa kumi na kuyaacha njiani. Jambo lenyewe ni hewa ya sumu: jinsi inavyoingia katika njia ya pumzi, inavyoiharibu, na sababu ya nyingine kumwua mtu aliyekwisha kurudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akala chakula cha jioni, akasema hana neno.

Huenda mtu akauliza mkaguzi wa ushirika ana nini na mapafu ya watu. Katika eneo hili mwanachama mmoja huwa na kazi mbili au tatu. Mvua zikinyesha yumo shambani na pamba, mahindi, dengu na choroko. Kiangazi kikiingia humkuti, ameshuka duarani kutafuta dhahabu, au yuko mwaloni anachenjua. Miji yetu hii miwili iliyoshikana, Katoro na Buseresere, imekua kwa pamba na kwa dhahabu pamoja. Basi mwanachama huyo hukutana na hewa mbaya katika ghala la chama, hukutana nayo shimoni, na wakati mwingine huibeba mwenyewe akaiingiza chumbani anamolala na watoto. Kifua ni kile kile kimoja. Kikiharibika, mkopo wa pembejeo haulipwi, mazao hayaletwi, na chama hubaki na jina daftarini ambalo mwenyewe hawezi tena kutembea hadi kwenye mizani.

NJIA YA PUMZI ILIVYO

Mtu mzima aliyetulia huvuta hewa ipatayo lita 6 hadi 8 kwa dakika, yaani karibu lita 10,000 kwa siku nzima. Hewa hiyo huingia puani, ambamo husafishwa, hupashwa moto na kutiwa unyevu. Hushuka katika koo la pumzi, kisha njia hugawanyika kama mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini, tawi likazaa tawi, mpaka kufikia vifuko vidogo sana vya hewa. Vifuko hivyo ni milioni 300 na zaidi. Kama vingekunjuliwa vyote na kutandazwa chini, vingeenea eneo la meta za mraba 70 hivi, sawasawa na sakafu ya ghala la meta 7 kwa 10. Baadhi ya maghala ninayokagua hayazidi ukubwa huo. Na ukuta wa kifuko, ule unaotenga hewa na damu, ni mwembamba hata jicho haliwezi kuuona bila chombo cha kukuzia.

Njia ya juu ina walinzi. Pua hupiga chafya, koo hukohoa, macho hutoa machozi. Ute hunasa vumbi, na vinyweleo vidogo vidogo huusukuma juu hadi tuuteme. Huko chini kabisa, kwenye vifuko, hakuna mlinzi wa kupiga kelele namna hiyo. Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mtunza ghala alishike. Sehemu gani ya njia hii itakayoumizwa kwanza na hewa ya sumu hutegemea sana jinsi hewa hiyo inavyoyeyuka katika maji.

Njia yote ya pumzi ina unyevu. Hewa inayoyeyuka upesi, kama amonia, au ile salfa dioksaidi itokayo kiberiti kikiungua, hunaswa pale pale juu, puani na kooni. Huchoma, huliza, humfanya mtu akimbie bila kuambiwa. Ni kali, tena ikiwa nyingi huweza kuvimbisha koo hadi njia ikazibika; lakini angalau ina adabu ya kubisha hodi. Klorini iko katikati, hupiga juu na chini. Hewa isiyoyeyuka upesi hupita puani karibu bila kugusa kitu, hushuka mpaka vifukoni, na huko ndiko inakoanza kazi yake. Mfano ni naitrojeni dioksaidi, hewa ya rangi ya kahawia itokayo baruti inapolipuliwa, au asidi ya nitriki inapotumiwa kusafishia dhahabu. Mtu hukohoa kidogo, macho humwasha kidogo, halafu hupata nafuu. Saa nyingi hupita. Usiku, au hata kesho yake, kuta za vifuko zilizounguzwa huanza kuvuja, na maji yatokayo katika damu hujaa mahali pa hewa. Pumzi hukatika, kikohozi hutoa povu, mara nyingine lenye rangi ya damu, na midomo hubadilika rangi. Mtu huyo anazama, Ndugu Wajumbe, akiwa kitandani kwake, mahali pakavu.

Ndiyo sababu sikubaliani na maneno niliyoyasikia katika vyama vingi, kwamba hewa isiyowasha haina madhara. Pua ni shahidi mzuri wa hewa chache na shahidi mbaya wa nyingi.

Mkulima wa pamba yampasa kujua habari ya Bhopal, maana inamhusu kuliko anavyodhani. Katika mji huo wa India kilikuwapo kiwanda kilichotengeneza Sevin, dawa ya wadudu iliyotumika sana duniani, pamoja na mashamba ya pamba. Kiungo kimoja cha dawa hiyo, kiitwacho methili isosayanati, kilihifadhiwa katika matangi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 maji yaliingia katika tangi moja, joto likapanda, na tani zipatazo 40 za kemikali hiyo zikatoka zikawashukia watu waliolala. Zaidi ya watu 2,000 walikufa katika siku za mwanzo. Hesabu ya baadaye ya serikali ya jimbo ilipita 3,700, na wako wanaoshikilia kwamba ni wengi zaidi ya hapo. Maelfu kwa maelfu ya walionusurika walibaki na pumzi fupi na macho mabovu. Hewa ile ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo ilitambaa chini, walipo watoto. Waliokimbia nao waliivuta kwa wingi, kwa kuwa akimbiaye hupumua kwa nguvu.

Katika habari hiyo kuna mambo mawili yanayopatikana pia katika maghala yetu: maji yanayoingia mahali yasipotakiwa, na pumzi ya mtu anayetumia nguvu.

VIDONGE VYA GHALANI

Wazee mnamkumbuka dumuzi. Mdudu huyo asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, wengine wakamwita Scania, na kutoka hapo akasambaa nchini. Tangu wakati ule kuhifadhi mahindi bila dawa kumekuwa ni kubahatisha. Wakulima walielekezwa kwenye dawa za unga, na maghala makubwa yakatumia kufukiza. Siku hizi dawa ya kufukizia iliyozoeleka ni vidonge vya alumini fosifaidi. Kidonge chenyewe si hewa. Kikikutana na unyevu, hata ule uliomo hewani tu, huanza kutoa hewa iitwayo fosifini, nayo hupenya lundo zima na kuwaua wadudu waliojificha ndani ya punje. Ikisimamiwa na mjuzi ni dawa nzuri, wala sikuja kuipiga vita. Bila ya kufukiza, dengu na choroko zinazosubiri mnada wa stakabadhi ghalani zingeliwa na fukusi kabla mnunuzi hajafika.

Lakini fosifini haibagui pumzi ya fukusi na pumzi ya mlinzi. Ikiingia kifuani hubana, hukereketa, huleta kikohozi. Huingia katika damu na kuzuia viungo visiweze kuitumia hewa safi iliyofika, na moyo huwa miongoni mwa vya kwanza kuumia. Maji huweza kujaa mapafuni baadaye, hata siku moja au mbili baada ya mtu kutoka ghalani. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Tazameni orodha hiyo, kisha mniambie ni nani hapa Buseresere asiyeweza kuiita malaria. Mgonjwa hununua vidonge dukani, hurudi kulala mahali pale pale, na kesho huamka mbaya zaidi. Hakuna dawa ya kuiondoa fosifini mwilini. Hospitali humsaidia mtu kupumua na kuutegemeza moyo wake mpaka mwili ujitengeneze wenyewe, kama bado upo uwezo huo.

Harufu yake hufananishwa na vitunguu saumu, na wengine husema ni ya kabaidi ya fundi wa kuchomelea, au ya samaki aliyeoza. Harufu hiyo hutokana na vitu vingine vilivyochanganyika nayo. Fosifini iliyo safi haina harufu. Kwa hiyo kunusa mlangoni na kusema "imekwisha" si kipimo. Vile vile mshumaa au taa ya chemli haionyeshi kitu, na ikiwa hewa hiyo imekuwa nyingi, moto huo huweza kuiwasha.

Mimi ni mtu wa hesabu, basi niruhusuni nifanye moja. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya fosifini. Chukueni chumba cha kulala cha meta 3 kwa 3, urefu wa ukuta meta 2 na nusu. Ujazo wake ni meta za ujazo 22 na nusu. Gramu ile moja ikitoka yote na chumba kikawa kimefungwa, hewa ya chumba itakuwa na fosifini sehemu 32 hivi katika kila sehemu milioni. Kiwango kinachokubaliwa sana kwa mfanyakazi wa siku nzima ni sehemu 0.3. Yaani kidonge kimoja kimepita mpaka huo zaidi ya mara mia. Viwili vinapita sehemu 50, kiwango ambacho wataalamu huhesabu kwamba kinahatarisha uhai pale pale. Nafahamu kwamba vyumba vyetu vina nyufa na hewa hutoka. Nafahamu pia kwamba mwenye mahindi hatii kidonge kimoja. Hutia viwili au vitatu kwa gunia, na magunia yako matano, yamepangwa ukutani nyuma ya kitanda.

Hili la chumbani ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu chama kinaweza kufunga ghala lake lakini hakiwezi kufunga vyumba vya wanachama. Vidonge huuzwa kimoja kimoja bila kopo, bila lebo, vimefungwa katika karatasi ya daftari. Anayevinunua hana la kusoma. Watoto, ambao kwa uzito wa miili yao huvuta hewa nyingi kuliko sisi, ndio hudhurika kwanza. Wala tusidhani ni ujinga wa vijijini. Mwezi Januari 2017, katika mji wa Amarillo nchini Marekani, watoto wanne wa familia moja walikufa. Dawa ya namna hii iliwekwa chini ya nyumba kuua panya. Harufu ilipozidi, ikamwagiwa maji ili kuisafisha. Maji yaliitoa hewa yote kwa mara moja.

Kutokana na hayo mtaelewa kwa nini nikikagua ghala huanza kutazama juu. Bati lililotoboka juu ya kabati la dawa ni hatari kuliko mwizi. Vidonge vikirundikwa pamoja vikalowa, hewa hutoka kwa kasi na huweza kuwaka moto yenyewe.

Katika chama kimoja ambacho sitakitaja, nilikuta godoro la mlinzi limetandikwa ndani ya ghala, nyuma ya lundo lililofunikwa turubai, kwa kuwa nje kulikuwa na mvua. Mlinzi alikuwa mchangamfu. Aliniambia kwamba kila asubuhi kichwa humwuma, na kwamba ana malaria isiyosikia dawa. Niliomba godoro litolewe saa ile ile na mlinzi apelekwe kituo cha afya. Bodi haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa imenunua turubai jipya, kufuli mbili na taa ya sola. Nyumba ya mlinzi ndiyo haikuwamo katika makisio.

Jambo lingine ni haraka. Lundo hufunikwa kwa siku zilizoandikwa katika lebo ya dawa, na katika joto letu mara nyingi wafukizaji huacha siku 5 hadi 7, kisha milango hufunguliwa, hewa hupita, na mjuzi hupima kwa chombo kabla mchukuzi yeyote hajaingia. Lori la mnunuzi likifika siku ya nne, na mnunuzi akasema asipopakia leo anakwenda chama cha jirani, ndipo utakapomjua Katibu. Akifungua, wanaoingia ni wachukuzi. Mchukuzi mwenye gunia la kilo 100 mgongoni huvuta hewa mara tano au zaidi ya ile aivutayo Katibu aliyeketi mezani. Wote wawili watasema walikuwa katika ghala moja kwa saa moja, lakini vifua vyao havikupokea mzigo mmoja.

Kitambaa kilicholowanishwa hakizuii fosifini. Barakoa za karatasi tulizozoea wakati wa Korona zimeundwa kwa matone na vumbi, na hewa hii hupita kama haipo. Kifaa cha kweli ni kofia ya kufunika uso yenye kichujio kilichoandikwa kwamba ni cha fosifini, tena kisichopitwa na muda. Majivu meupe yanayobaki baada ya vidonge kwisha nayo yana sumu kidogo. Yasifagiliwe ovyo wala kutupwa chooni, na makopo matupu yatobolewe, yasiende jikoni kwa mtu kuwekea chumvi.

DUARANI NA MWALONI

Kuhusu shimo nitasema machache, kwa kuwa wengi wenu mnalijua kuliko mimi. Huko chini kuna maadui wa namna tatu, na wanachanganywa mno. Yuko yule wa baruti niliyekwisha mtaja, anayeunguza mapafu polepole. Wa pili ni kaboni monoksaidi, itokayo katika mashine ya petroli ya kuvuta maji inapoteremshwa shimoni ili kufupisha bomba. Hii haina rangi wala harufu, haiwashi, haichubui kitu katika njia ya pumzi. Hupita vifukoni kwa amani na kuishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mtu hulegea akilala kama aliyechoka. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hufanya vivyo hivyo. Wa tatu ni kukosekana kwa hewa yenyewe. Mwezi Juni 2002, huko Mererani, wachimbaji wapatao 40 walikufa ilipokatika hewa iliyokuwa ikisukumwa chini kwa mashine. Na wenzetu wa Goma, upande wa Kongo, wana neno lao mazuku kwa hewa ya ukaa itokayo ardhini karibu na volkano, ambayo hulala mabondeni na kuua mbuzi, na hata watu wanaopita mahali pa chini. Ni nzito, hukaa shimoni kama maji.

Kwa hao wawili wa mwisho, anayekufa mara nyingi si mmoja. Wa kwanza huanguka, ndugu yake humfuata, na rafiki humfuata ndugu. Hapana uhodari wowote unaomwezesha mtu kupumua mahali pasipo na hewa. Anayeshuka ashuke na kamba kifuani, iliyoshikwa juu na watu wawili, na mwenzake akianguka avutwe kwa kamba. Asiyekuwa na hewa ya kupumua iliyobebwa katika chupa yake asishuke kumfuata.

Mwaloni kuna sianidi, ambayo ikikutana na asidi hutoa hewa inayoua kwa dakika chache. Wenye mitambo wanajua, na sina la kuongeza isipokuwa kwamba mifuko yake mitupu isiletwe kubebea dengu. Nimeiona.

Zebaki ndiyo inayotuhusu sana, kwa maana inachomwa nyumbani, na mara nyingi na akina mama. Dhahabu iliyonaswa na zebaki ikiwekwa juu ya moto, zebaki hugeuka mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani vizuri wala haunuki. Katika kila sehemu 10 za zebaki inayovutwa kifuani, kama 8 hubaki mwilini. Ukivutwa mwingi kwa mara moja, hasa katika chumba, huunguza mapafu: kikohozi, homa, kifua kubana, siku ile ile au ya pili. Ukivutwa kidogo kidogo kwa miaka, mapafu huwa ni mlango tu, na madhara huonekana kwingine, mikono ikitetemeka, hasira za bure, kusahau, mwandiko kuharibika. Mwaka 2003, katika mradi wa Umoja wa Mataifa, wataalamu walipima mkojo, damu na nywele za watu wa Rwamagasa, hapa hapa Geita. Miongoni mwa wale waliokuwa wakichoma, karibu mmoja katika kila wanne alikutwa na dalili na vipimo vya kudhuriwa na zebaki. Hao si watu wa mbali. Wengine wao wamekwisha kuuza pamba katika mizani zetu. Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza matumizi haya, lakini zebaki bado imo mialoni na tusijidanganye. Kwa anayeendelea kuchoma, kiko chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea, ambamo mvuke hurudi ukawa zebaki tena na kutumika mara nyingine. Hulinda kifua, na kwa mfanyabiashara hupunguza gharama. Sikuelewa kamwe kwa nini mtu anayelalamika juu ya bei ya zebaki huiacha ikaruka kupitia dirishani.

MAZIWA NA MENGINEYO

Nimeulizwa kila mahali juu ya maziwa. Imeenea imani kwamba aliyevuta hewa mbaya anyweshwe maziwa yakazimue sumu. Maziwa hushuka tumboni kwa njia ya chakula. Hewa iko mapafuni kwa njia ya pumzi, na njia hizi mbili hutengana kooni. Hayakutani. Zaidi ya hayo, mtu aliyelegea akinyweshwa huweza kupaliwa, maziwa yakaingia katika mapafu yale yale yaliyoumia. Namheshimu ng'ombe kama Msukuma yeyote, lakini kwa kazi hii hafai.

Linalofaa ni kumtoa mtu penye hewa safi, akiokolewa na asiyejihatarisha. Kumvua nguo za juu. Kumlaza au kumketisha kwa namna anayopumua vizuri, na kumzuia asitembee, kwa sababu kutembea humlazimisha kifua kufanya kazi kisichoiweza. Kisha apelekwe kwenye tiba hata kama anasema amepona, na aangaliwe usiku huo na kutwa ya pili. Aende na lebo ya dawa, au mtu wa kueleza ni hewa gani, kwani mganga asiyeambiwa atatibu homa. Ikibidi kumpeleka mbali zaidi, Chato au Bugando, aende akiwa anapewa oksijeni kutoka kituo cha afya. Tusingoje povu ndipo tutafute gari.

MAKISIO YA MWAKA

Sasa nafika mahali panaponihusu kwa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu mwajiri, na chama cha msingi chenye mlinzi, mtunza ghala na wachukuzi wa msimu ni mwajiri. Anayefukiza yapasa awe mtu mwenye idhini. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndiyo inayosimamia. Kijana wa mtaani anayefukiza kwa nusu ya bei ni ghali.

Najua kuna wajumbe watakaosema fedha ni kidogo, na wengine kwamba mambo ya maduara ni ya mtu binafsi. Kwa hili la pili natofautiana nao. Vyama vya mkoa huu na jirani vilijengwa na wakulima waliotaka mizani ya haki; Shirikisho la Victoria la mwaka 1955 halikuanza na fedha nyingi, lilianza na watu waliokubali kwamba hasara ya mmoja inawagusa wote. Chama hakiwezi kusimamia maduara, lakini chaweza kusoma tangazo moja la baruti na zebaki katika kila mkutano, mahali ambapo wachimbaji wale wale wameketi wakisubiri malipo ya pamba. Hilo halina gharama.

Kuhusu fedha, vyama vitatu vya jirani vinaweza kuchanga kununua kipima-fosifini kimoja na kofia mbili zenye vichujio vyake, vikakaa kwa mmoja na kuazimwa kwa daftari. Daftari la ghala liwe na ukurasa wa ufukizaji: tarehe ya kufunika, idadi ya vidonge, jina la mfukizaji, tarehe ya kufungua, kipimo kilichosomwa, na sahihi mbili. Ufunguo mmoja uwe kwa mtunza ghala na mwingine kwa Mwenyekiti, ili lori lisiweze kumshawishi mtu mmoja peke yake. Nitakapokuja baada ya msimu nitaomba kuuona ukurasa huo kabla sijaomba daftari la fedha.

Katibu mmoja ameniuliza, kabla hatujaingia humu, kama kibanda cha mlinzi kinaweza kuandikwa katika fungu la matengenezo ya ghala au ni lazima lifunguliwe fungu jipya. Kiandikwe katika matengenezo. Mkutano mkuu ukikipitisha, kijengwe upande upepo unakotokea, mbali na mlango wa ghala, na kiwe kimeezekwa kabla lundo la kwanza halijafunikwa.